Waliokuwa kwenye Foleni Walikuwa Hawajanywa

Kwa miaka mingi nilisimamia klabu ya mdahalo katika sekondari moja ya kata mkoani Arusha. Aliyesoma shule zetu anazijua mada zenyewe: elimu ni bora kuliko fedha, maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini, mkulima ni bora kuliko daktari. Msemaji anasimama, anamsalimu mwenyekiti, katibu, mtunza muda, wapinzani wake na wasikilizaji wote, na mpaka amalize salamu robo ya muda wake imekwenda. Kisha anatoa pigo lake: "Utafiti unaonyesha kwamba asilimia 80 ya Watanzania..." Makofi. Utafiti wa nani, uliofanyika wapi, haulizi mtu. Na sisi walimu tuliokaa pembeni na karatasi za alama tulikuwa tunampa ushindi mwenye sauti na Kiingereza kilichonyooka.

Niliweka sharti moja: atakayetaja takwimu aseme ameitoa wapi. Muda si mrefu asilimia zote zikatoweka kwenye midahalo yetu kama kunguru waliotupiwa jiwe. Wanafunzi hawakuanza kutafuta takwimu za kweli; waliacha tu kuzitaja, wakahamia kwenye methali. Na methali, kama mnavyojua, zipo za pande zote mbili. Anayesema haraka haraka haina baraka atajibiwa kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapo hakuna aliyethibitisha chochote.

Kwenye andalio langu la somo yote yalikuwemo. Dai ni kauli unayotaka wenzako waikubali. Yapo madai ya ukweli, ya sababu, ya thamani, na ya nini kifanyike. Ushahidi nao una aina zake: ushuhuda wa mtu, maoni ya mtaalamu, takwimu, nyaraka, mfano wa jambo linalofanana, jaribio. Mwisho inakuja orodha ya hoja potofu. Wanafunzi walikuwa wakiikariri, wakiijibu kwenye mtihani, wakisahau. Yalikuja kuwa mambo ya kugombania kweli mwaka 2011, msimu wa kikombe.

Kwa waliokuwa wadogo wakati ule: mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile, tuliyemwita Babu, aliyekuwa akiishi kijiji cha Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro, alisema Mungu amemwonyesha ndotoni dawa ya magonjwa sugu. Ukimwi, kisukari, saratani, shinikizo la damu, pumu. Mizizi ya mti uitwao mugariga inachemshwa, mgonjwa anakunywa kikombe kimoja, mara moja tu, kwa shilingi 500. Na lazima kikombe kitoke mkononi mwa Babu mwenyewe. Mwingine akichemsha mizizi ileile, haifanyi kazi. Kufikia Machi mwaka ule foleni ya magari ilikuwa imepita kilomita 20, mpaka Babu mwenyewe akaomba watu wasimame kwanza kuja hadi waliopo wapungue. Wapo waliofia kwenye foleni. Walikwenda mawaziri, walikwenda wabunge, wenye uwezo walikwenda kwa helikopta, na Wakenya walivuka mpaka kutufuata.

Sisi wa Arusha tulikuwa mlangoni. Landcruiser zilijaza watu zikaelekea Mto wa Mbu, Engaruka, Ngaresero, zikapita chini ya Oldoinyo Lengai kwenye vumbi lisilo na mwisho. Nauli zilipanda kila wiki. Kwenye kijiwe cha kahawa karibu na kwangu hakukuwa na mada nyingine, hata Simba na Yanga waliwekwa kando.

Nilikaa pale jioni nyingi, nikisikiliza kuliko kusema. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba watu waliokuwa wakigombana hawakuwa wakigombania jambo moja. Fundi cherehani alikuwa anasema mti ule una dawa ndani yake. Dereva mmoja alikuwa anasema umeponya Ukimwi. Mwenye duka alikuwa anasema serikali itengeneze barabara, iweke vyoo na maji, kwa sababu watu wanakwenda tu. Na mama mmoja mlokole alikuwa anasema si sawa mtumishi wa Mungu kuchanganya maombi na mitishamba. Haya ni madai manne. La kwanza ni la ukweli, na mkemia anaweza kulichunguza maabara. La pili ni la sababu, linataka wagonjwa, vipimo na muda. La tatu ni la nini kifanyike, na unaweza kulikubali hata kama huamini kikombe hata kidogo. La nne ni la imani na maadili; maabara haina la kusema hapo.

Lakini pale kijiweni ushahidi wa moja ulikuwa ukitumika kulipia deni la lingine. Fundi akisema mti una dawa, akataja kwinini, dawa ya malaria iliyotoka kwenye gome la mti, dereva anadakia: "Umeona? Kwa hiyo inaponya Ukimwi." Mwenye duka akisema barabara itengenezwe, fundi anamwambia, "Kwa hiyo na wewe unaamini." Mtu anakubali dai dogo, anajikuta amesainishwa na kubwa.

Hilo la kwinini nililipenda, maana lina ukweli ndani yake. Miti imetupa dawa nyingi. Artemisinini, inayotutibu malaria leo, inatoka kwenye mmea, na mmea huo umelimwa hata huku kwetu kaskazini. Kilichokuwa kinarukwa ni namna ilivyopatikana. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake huko China walichukua mitishamba mingi iliyosifiwa katika vitabu vya kale, wakaijaribu mmoja mmoja kwa wanyama wenye malaria, na mingi ikashindwa. Sampuli namba 191, mwaka 1971, ndiyo iliyofaulu. Kwa hiyo mfano huo ukiutazama vizuri unasema mambo mawili kwa pamoja: mitishamba inaweza kuwa na dawa, na mitishamba mingi inayosifiwa haina. Mtu wa kijiweni alichukua nusu ya kwanza akaondoka nayo. Mlinganisho ndivyo ulivyo. Unakusaidia kujua pa kutafuta, ila haukuambii umepata.

Palikuwa na mzee mmoja pale aliyewahi kukaa kama mshauri katika mahakama ya mwanzo, hawa tunaowaita wazee wa baraza. Alikuwa mkimya, anakunywa kahawa yake bila kashata. Siku moja dereva alikuwa akisimulia mtu wa Moshi aliyepima baada ya kikombe akakutwa hana virusi. Mzee akamuuliza:

"Kijana, ulimwona wewe?"

"Hapana mzee, aliniambia abiria."

"Huyo abiria alimwona?"

"Ni shemeji yake."

"Shemeji yake na abiria, au shemeji yake na mgonjwa?"

Kijiwe kikacheka. Dereva naye akacheka, kwa sababu hakujua. Mzee hakuendelea kumkandamiza, akasema tu kwamba mahakamani shahidi anaeleza alichokiona kwa macho yake na alichokisikia kwa masikio yake, na cha kuambiwa analetwa aliyekisema. Baadaye nilikwenda kusoma Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, nikakuta ndivyo inavyotaka, na nikakuta na jambo jingine ambalo mzee alikuwa akilirudia kila mara mtu aliposema "Basi thibitisha wewe kwamba haiponyi": mwenye kudai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Ukisema shamba ni lako, jirani hana kazi ya kuthibitisha kwamba si lako. Nimefundisha mzigo wa uthibitisho kwa njia nyingi tangu hapo, na hakuna iliyoingia vichwani haraka kama hiyo ya shamba, labda kwa sababu kila familia ina kesi yake.

Sitaki ionekane kwamba makosa yalikuwa ya upande mmoja. Shuleni kwetu mwalimu mwenzangu wa sayansi alikuwa mkali dhidi ya kikombe, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba wanaokwenda ni wajinga wasiosoma. Wapi! Waliokwenda walikuwemo wenye shahada za kila aina, na hata kama wangekuwa wote hawajui kusoma, hilo lingetuambia kitu kuhusu wao, si kuhusu mizizi. Alisema pia kwamba Babu anajitafutia fedha. Upande wa pili ukamjibu kwa hoja iliyokuwa maarufu sana nchi nzima: shilingi 500 ni bei ya soda, tapeli gani anatoza hivyo?

Hoja hii ya mia tano ilinisumbua kwa muda, maana ni nzuri. Inajibu swali kama Babu alikuwa tapeli, na kwa maoni yangu inalijibu vizuri. Mimi mpaka leo naamini mzee yule alikuwa mkweli wa nia. Lakini watu waliitumia kujibu swali jingine, kama dawa inaponya. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na akawa amekosea. Mwalimu mwenzangu alikuwa amelifungua lango hilo mwenyewe, kwa kumshambulia mtu badala ya dai, na akajibiwa kwa kumtetea mtu. Mabishano yao yakageuka kesi ya tabia ya Babu, mizizi ikasahaulika.

Miaka 10 baadaye, Julai 2021, Mwasapile alipofariki, nikaanza kusikia dhihaka: mbona hakujiponya? Aliyesema hivyo alimzushia mzee hoja ambayo hakuitoa. Hakuna mahali alipodai kikombe kinazuia kifo. Alikuwa na miaka zaidi ya 80. Kama unataka kupinga, pinga lile alilosema.

Sasa umati. Hii ndiyo hoja niliyoisikia kuliko zote: "Maelfu wote hao, wamekuwa vichaa?" Ni hoja yenye uzito moyoni. Ukiona watu wengi wamepanga foleni kwenye mgahawa mmoja, unajua chakula chake si kibaya, na mara nyingi unakuwa sahihi. Kwa nini? Kwa sababu walio kwenye foleni wamekwishakula pale jana na juzi, wakarudi. Kurudi kwao ndiko kunakokuambia kitu.

Jioni moja nikiwa naosha vyombo ndipo lilipopita kichwani. Kikombe kilikuwa kinanywewa mara moja tu. Hairuhusiwi kurudia. Kwa hiyo katika foleni yote ile, kilomita zote zile, hakukuwa na aliyekwishakunywa. Kila mtu pale alikuwa amekuja kwa kusikia kutoka kwa mwingine. Foleni ingeweza kufika Arusha mjini na isingeongeza shahidi hata mmoja wa kupona. Ingeongeza mashahidi wa kusikia. Niliacha vyombo nikaandika kwenye karatasi: wangeonekanaje hawa kama dawa haiponyi? Jibu: hivihivi. Foleni ingekuwa ileile, vumbi lilelile, nauli zilezile. Basi foleni haikuwa ushahidi wa upande wowote.

Swali hilo ndilo ninalolishika mpaka leo, na nimeyaacha mengi ya andalio la zamani kwa ajili yake. Mtu akileta ushahidi, siulizi kwanza kama ni wa kweli. Nauliza: kama dai lako lingekuwa si kweli, je, kitu hiki ulichoniletea kisingekuwepo? Kama kingekuwepo vilevile, basi umeniletea habari ya kweli isiyo na kazi.

Nililipima swali hilo nyumbani kwanza, kwa shangazi yangu. Yeye ana presha ya siku nyingi. Alikwenda Samunge na wenzake wa kikundi, akakaa njiani siku kadhaa, akarudi mwembamba na mwenye furaha. Nilimkuta ameketi uani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone. Nimepimwa presha leo, iko kama ya msichana."

Nilifurahi pamoja naye, maana furaha yake ilikuwa ya kweli. Kisha nikamwomba kadi yake ya kliniki, si kwa ubishi, nilitaka kuona. Ile kadi ilikuwa na vipimo vya miaka. Presha yake ilikuwa inapanda, inashuka, inapanda. Miezi mingine kabla ya Samunge ilikuwa chini kama siku ile, bila kikombe chochote. Na mwezi aliokata shauri la kusafiri ilikuwa juu kuliko siku zote.

Hapo ndipo penye mtego ambao nadhani ndio uliowanasa wengi. Mtu haendi kutafuta tiba siku aliyo nzima. Anakwenda siku mbaya kuliko zote. Na ugonjwa wa kupanda na kushuka, ukishafika juu kabisa, mara nyingi kinachofuata ni kushuka, unywe usinywe. Ukinywa kitu katikati, hicho kitu ndicho kitakachopewa sifa. Kilichotangulia kinageuzwa kuwa chanzo kwa sababu tu kimetangulia. Pumu ni hivyo, maumivu ya viungo ni hivyo, hata malaria ya mtu mzima aliyezoea inaweza kumwacha kwa muda.

Shangazi aliisikiliza habari hii akaniambia, "Kwa hiyo unasema sijapona." Nikamwambia, nasema hatujui, na njia ya kujua ni kuendelea kupima na kuendelea na vidonge. Akaniuliza swali lililonifunga mdomo: "Nikiendelea na vidonge, presha ikiwa nzuri, utajuaje ni kikombe au ni vidonge?" Alikuwa sahihi kabisa. Nisingejua. Hakusoma zaidi ya darasa la saba, na alikuwa ameshika tatizo lote la kuchanganya sababu mbili kuliko wanafunzi wangu wa kidato cha sita. Vidonge aliendelea navyo, lakini si kwa hoja yangu. Mumewe alimwambia asipokunywa hampeleki kikundi.

Kwa wenye virusi jambo lilikuwa zito zaidi. Miaka ile kliniki zilikuwa zinapima CD4, zile chembe za kinga. Palisikika habari kwamba fulani CD4 zimepanda baada ya kikombe. Inawezekana kabisa zilipanda. Dawa za ARV ndizo kazi yake hiyo: mtu akizitumia vizuri virusi vinapungua, CD4 zinapanda, anaongezeka uzito, anarudi shambani. Aliyeanza dozi miezi michache kabla ya kusafiri angepata nafuu ileile hata angebaki nyumbani. Na anayesema "alipimwa akakutwa hana" inabidi aulizwe kipimo gani. Kipimo cha kawaida kinatafuta kingamwili, na hizo hubaki hata mtu akiwa kwenye dozi. Kipimo cha wingi wa virusi kinaweza kusoma kwamba havionekani, na mtu akawa bado anavyo. Sentensi moja ya mtaani, "hana", inabeba vipimo viwili tofauti. Wapo walioacha dozi kwa sentensi hiyo. Hapo ndipo nilipoacha kuona mdahalo kama mchezo wa Ijumaa mchana.

Ilitangazwa pia kwamba uchunguzi wa wataalamu wa serikali haukukuta madhara kwa mnywaji. Kesho yake mtaani ikawa: "Serikali imethibitisha kikombe." Maji ya kunywa nayo ni salama. Usalama na kuponya ni madai mawili, na yule aliyelithibitisha la kwanza hakugusa la pili. Kuhusu mawaziri, niliwaambia wanafunzi kwamba waziri akinywa kikombe tunajifunza kwamba waziri ameumwa au ana hofu kama sisi. Cheo chake hakimfanyi mjuzi wa dawa. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Na daktari akinywa?" Nikasema inategemea: amekunywa kama daktari baada ya kuona majaribio, au amekunywa kama mtoto wa mama yake anayeumwa? Wataalamu wana wazazi.

Hoja iliyonichosha kuliko zote ilikuwa ya imani. Ukiuliza kuhusu wale wasiopona unaambiwa hawakuwa na imani. Umejuaje hawakuwa na imani? Kwa sababu hawakupona. Huwezi kuingia kwenye duara hilo kutoka upande wowote, halina mlango. Halafu inafuata ile ya kukuwekea njia mbili tu: ama unamwamini Mungu, ama unaamini hospitali. Mama yangu alikuwa mzee wa kanisa na alikufa akiwa na bahasha ya dawa za hospitali chini ya Biblia yake; sikuwahi kuona vikigombana pale mezani. Na lile sharti la mkono wa Babu, nasema kwa heshima, lilifanya dai lisiweze kupimwa na mtu yeyote kwa njia ya kawaida. Mtu akichemsha mizizi ileile ikashindwa, jibu liko tayari: si mkono wake. Dai lenye jibu la kila kushindwa linaonekana imara, kumbe limejitoa lenyewe kwenye kesi.

Hata hivyo niseme na hili, maana wapinzani hulisahau: kwamba watu walitetea kikombe kwa hoja mbovu hakuthibitishi kwamba kikombe hakina kitu. Hoja mbovu inaweza kuwa na hitimisho la kweli kwa bahati. Mtu anayesema jua litachomoza kesho kwa sababu jogoo wake ataliita, jua litachomoza. Ukishaivunja hoja unabaki huna hoja, hujapata hoja ya kinyume.

Nililijua hili vizuri pale wanafunzi walipoanza kunigeuzia silaha. Baada ya msimu ule niliirudisha orodha ya hoja potofu darasani kwa mifano ya kikombe, na safari hii ilishika, ikashika kupita kiasi. Kijana mmoja wa kidato cha tano akawa kila mwenzake akifungua mdomo anapiga kelele: "Hoja ya umati!" "Anamshambulia mtu!" "Njia mbili tu!" Anashinda kwa kutaja majina. Mara nyingine alikuwa anakosea hata jina: mwenzake alisema madaktari wengi waliofanya utafiti wanakubaliana, naye akaita hiyo hoja ya umati, wakati makubaliano ya watu waliopima kila mmoja kivyake si sawa na makelele ya soko. Mwenzake mwingine alisema shahidi fulani analipwa na kampuni anayoitetea, naye akapiga kelele kwamba ni kumshambulia mtu. Siyo. Shahidi akitutaka tumwamini kwa neno lake, maslahi yake yanatuhusu; hata mahakamani anaulizwa. Ukimwacha shahidi ukaangalia hesabu alizoleta, hapo ndipo maslahi yake yanapoacha kuwa jibu.

Nikapiga marufuku majina. Atakayetaka kupinga lazima aseme ni hatua gani haikupandwa: "Umesema A, ukaruka mpaka C, nionyeshe B." Kwa wiki kadhaa mdahalo ulipoa, wakawa wanasitasita, wananiangalia. Kisha binti mmoja aliyekuwa haongei kabisa akawa mkali wetu, kwa sababu hakuwa na sauti ya kutisha ukumbi, alikuwa na subira ya kutafuta B. Walimu wenzangu wa alama hawakumpenda mwanzoni. Walisema anachelewesha.

Miaka michache iliyopita nilirudia somo lile na darasa ambalo halikuwa na kumbukumbu ya kikombe hata kidogo. Kwao Loliondo ni habari ya wazazi. Niliwaeleza kisa chote, nikawauliza: kama mngekuwa mwaka 2011, mngejuaje?

Majibu ya kwanza yalikuwa ya kuwatafuta waliopona. Niliwaacha wakaandika ubaoni. Kisha yule aliyekaa dirishani akauliza wale wasiopona wako wapi. Wakanyamaza wakifikiri. Wasiopona hawarudi Samunge kushuhudia, hawaiti waandishi wa habari, na aliyekufa nyumbani anazikwa na watu wa kwao. Ukisimama barabarani kukusanya ushuhuda utakusanya wa upande mmoja, hata kama kila unayemhoji anasema kweli tupu.

"Kliniki," akasema mwingine. "Kliniki za CTC, zile za wenye virusi, zina daftari."

Hilo sikulitarajia. Akaeleza kwamba mama yake ni muuguzi, na kwamba mgonjwa asipofika tarehe yake anaonekana kwenye daftari, anafuatiliwa. Kwa hiyo kwenye daftari wapo wote: aliyekwenda Samunge na asiyekwenda, aliyeacha dozi na aliyeendelea, aliyerudi akiwa hoi na aliyerudi mzima. Pale wanaonekana hata wasio na hadithi ya kusimulia. Tukaanza kupanga: tuwagawe waliokunywa wakaendelea na dozi, waliokunywa wakaacha, wasiokunywa kabisa. Swali la shangazi nalo likapata pa kukaa. Niliwatajia, wakaliandika ubaoni kama "swali la shangazi wa Mwalimu".

Binti mmoja akapinga kwamba waliokwenda Samunge wanaweza kuwa ndio wenye fedha za nauli, na wenye fedha wanakula vizuri. Mwingine akasema, hapana, waliokwenda ndio waliokuwa wagonjwa zaidi. Wote wawili walikuwa na hoja, na zinavuta pande mbili. Wakafikia kwamba ingebidi kuandika majina, CD4 na uzito wa kila mtu kabla hajanywa, siyo baada.

"Na nani angeandika, pale kwenye vumbi, kilomita 20?" akauliza wa dirishani.

Wakaanza kubishana kama ni kazi ya wizara, ya kijiji au ya kanisa, na nani angelipa posho za waandikaji. Nikawakumbusha kwamba hapo wametoka kwenye dai la sababu wameingia kwenye dai la nini kifanyike. Hakuna aliyenisikiliza. Walikuwa wamefika kwenye posho, na kengele ya chakula ilikuwa imeshapigwa.